Kukwepa ngumi huanzia gotini

Ingia kwenye ukumbi wowote wa ngumi jioni, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, uwatazame wanafunzi wa miezi miwili mitatu wakipigana na kivuli. Vichwa vinakwenda kulia na kushoto kwa kasi, mabega yametulia tuli, magoti yamenyooka. Wanaamini wanakwepa. Mwambie mmoja wao amrushie mwenzake jebu moja ya kweli, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, uone kichwa kile kile kinavyorudi nyuma, kidevu juu, macho yamefumbwa.

Kichwa hakijihamishi chenyewe. Shingo inaweza kukilaza upande, lakini ukikilaza tu, shavu linabaki kwenye njia ile ile ya ngumi na sikio ndilo linalopokea. Kinachokitoa kichwa njiani ni kiwiliwili kuzunguka, na kinachozungusha kiwiliwili ni nyonga na magoti. Bondia anayejua kukwepa, hata ukimfunika kuanzia kiunoni kwenda juu, bado utajua anakwenda upande gani kwa kutazama magoti yake peke yake. Karibu makosa yote ya kukwepa, ukiyafuatilia hadi mwanzo wake, utayakuta kwenye magoti.

Kipimo kwanza, maana wengi hawajui wanatafuta nini. Ngumi iliyonyooka inalenga pua. Kichwa cha mtu mzima kina upana wa sentimita 15 hivi, na glavu karibu hivyo hivyo au pungufu kidogo. Ili glavu ipite bila kukugusa, unatakiwa uhame nusu ya kichwa chako na nusu ya glavu, yaani sentimita 15 kwa makadirio. Upana wa glavu moja, basi. Anayehama sentimita 30 au 40 amekwepa, ni kweli, lakini amejitoa mwenyewe kwenye pambano kwa sekunde nzima: uzito wote umelala mguu mmoja, mikono yake haimfikii mpinzani, na kabla hajarudi katikati ngumi ya pili imeshatua. Ngumi iliyokwepwa vizuri unaisikia. Ngozi ya glavu inapita sikioni na wewe bado upo mahali pa kupiga.

Nitaeleza kwa bondia wa kawaida, mwenye mguu wa kushoto mbele. Mashoto, yaani anayetanguliza mguu wa kulia, ageuze pande. Miguu iwe na upana wa mabega, na usiiweke kwenye mstari mmoja: kati ya wayo wa mbele na wa nyuma pawe na nafasi, ukitazamwa kutoka mbele nyayo zote mbili zionekane. Kisigino cha nyuma kimeinuka kidogo. Magoti yamekunjwa kiasi kwamba ukitazama chini goti linafunika kamba za kiatu. Uzito sawa kwa sawa. Kidevu chini, glavu mashavuni, viwiko mbavuni. Kama msimamo huu haujakaa vizuri, hakuna haja ya kuendelea, kwa sababu mtu aliyesimama kwenye mstari mmoja akikwepa anayumba, na mtu mwenye magoti yaliyonyooka hana mahali pa kushukia.

Jebu inakuja. Unakwenda kulia, nje ya mkono wake. Goti la kulia linashuka kidogo na kubeba uzito, nyonga ya kulia inarudi nyuma, bega la kushoto linaingia mbele na kushuka, kisigino cha kushoto kinageuka kutazama nje. Pua imetoka katikati na imekaribia kuwa juu ya goti la kulia. Macho hayajaondoka kwake. Glavu ya kulia imeganda shavu la kulia, tena hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu bondia mjanja akiona jebu yake imepita hewani huikunja ile ile kuwa ngumi ya pembeni, na upande uliouendea ndio inakokuja. Mkono wake umepita juu ya bega lako la kushoto. Kichwa kimeshuka sentimita tatu au nne, si zaidi.

Ngumi ya nyuma, ya kulia, inakwepwa kwa kwenda kushoto. Bega lako la kulia linaingia mbele, kisigino cha kulia kinainuka na kugeuka nje, uzito unahamia goti la kushoto, glavu ya kushoto inabaki shavuni. Ukiangalia vizuri, huo ni mzunguko ule ule wa kupiga ngumi ya kulia, ila mkono haukuondoka. Na kwenda kulia ni mzunguko ule ule wa ngumi ya kushoto. Kwa hiyo mwanafunzi anayepiga kwa nyonga ameshajua nusu ya kazi hii, na anayepiga kwa mikono tu atakwepa kwa shingo tu. Nikimwona mtu anashindwa kabisa kukwepa, simrudishi kwenye mazoezi ya kukwepa. Namrudisha kwenye begi la kupigia apige moja-mbili, yaani jebu kisha ngumi ya kulia, taratibu, huku nikimtazama kiuno.

Umeona kwamba pande zote mbili hizo ni za nje: unatoka nje ya mkono unaokuja, na mkono wenyewe unabaki kati yako na mkono wake wa pili. Kukwepa ndani, yaani kwenda kushoto dhidi ya jebu, kunawezekana na kuna faida yake, kwa sababu mwili wake wote unafunguka mbele yako. Lakini umejipeleka kwenye mkono wake wa kulia, ambao ndio mzito na ndio ulio tayari. Anayeanza asiguse kukwepa ndani kwa miezi ya mwanzo. Baadaye akijifunza, aende ndani akiwa anapiga, glavu ya kushoto imefunga shavu na sikio, na asikae hapo hata nusu sekunde.

Sasa macho. Usitazame glavu, hiyo ndiyo ya mwisho kuonyesha nia. Tazama sehemu ya juu ya kifua, chini ya kidevu, ambapo mabega yote mawili yanaonekana bila kuhamisha jicho. Jebu huanza kwa bega la mbele kuchomoza. Ngumi ya nyuma huanza kwa nyonga kuzunguka na kisigino kuinuka. Juu ya hayo kila mtu ana tabia zake zinazomsaliti: mmoja hufungua kiwiko kabla ya kupiga, mwingine huvuta pumzi, mwingine hukanyaga kwanza ndipo arushe. Raundi ya kwanza ndiyo ya kuzisoma tabia hizo.

Lakini macho peke yake hayatoshi, na hapa pana hesabu ambayo kila mwanafunzi aijue. Mwili wa binadamu huchukua karibu sehemu moja ya tano ya sekunde tangu jicho lione hadi misuli ianze kuitika, na huo ni muda wa mtu anayejua kinachokuja. Jebu nzuri iliyorushwa kutoka karibu inafika ndani ya muda huo huo. Ukisimama mahali ambapo jebu yake inakufikia bila yeye kusogeza mguu, huwezi kuikwepa kwa kuiona. Utabahatisha tu, na siku moja utabahatisha vibaya. Ndiyo maana umbali unatangulia. Simama pale ambapo akinyoosha mkono wote, glavu yake inaishia kama ngumi moja kabla ya pua yako. Hapo analazimika kukanyaga mbele ili akufikie, na ule mguu unakupa muda uliokuwa umekosa. Mwanafunzi anayelalamika kwamba yeye ni mzito wa kukwepa, mara nyingi si mzito. Amesimama karibu mno.

Kuna njia nyingine mbili za kupata muda. Ya kwanza ni kutokirudisha kichwa mahali kilipokuwa. Kila baada ya kupiga, kichwa kihame kabla mpinzani hajajibu: umepiga jebu, umekwepa kulia, umepiga moja-mbili, umekwepa kushoto. Hujaona ngumi yoyote, lakini ile inayojibu itakuta pengo. Ya pili ni kumwita. Shusha glavu ya mbele kidogo, sogeza paji la uso mbele kwa upana wa vidole viwili, mpe kitu cha kulenga. Akirusha, ni wewe uliyechagua arushe nini na lini. Mabondia wenye sifa ya kutoguswa walikuwa wanafanya hili muda wote. Pernell Whitaker, Mmarekani aliyepata dhahabu ya Olimpiki Los Angeles mwaka 1984, alikuwa mashoto mfupi mwenye msimamo mpana na magoti yaliyokunjwa mno, na ngumi nyingi zilizompita zilirushwa kwa sababu yeye alizitaka. Tazama picha zake za video ukiwa umeziba nusu ya juu ya skrini kwa mkono. Utajifunza mengi zaidi kuliko ukitazama kichwa.

Mazoezi yenyewe. Anza na kioo. Bandika utepe wa plasta wima, usawa wa pua yako ukiwa katikati. Kwepa kulia, usimame hapo hapo, utazame: utepe uwe umetoka usoni kabisa, na kati ya sikio lako la kushoto na utepe pawe na nafasi ya vidole vinne. Utepe ukiwa bado shavuni, hujakwepa. Nafasi ikizidi vidole vinne, umezidisha. Rudi katikati, nenda upande wa pili. Fanya hivi raundi mbili za dakika mbili, polepole kiasi cha kuweza kuhesabu moja hadi tatu kwa kila upande. Kasi haina kazi hapa. Kioo kinakuonyesha pia kama bega limezunguka au limelala tu, na kama macho yameanguka sakafuni.

Kamba inafuata. Funga kamba ya mita nne hivi kutoka ukuta hadi ukuta, usawa wa mabega yako ukiwa kwenye msimamo. Simama kamba ikiwa juu ya bega, kichwa upande mmoja, kisha kanyaga hatua fupi mbele huku ukipitisha kichwa chini yake kwenda upande wa pili. Mbele hadi mwisho, kisha kinyumenyume. Kamba inalazimisha magoti yafanye kazi, kwa sababu ukiinama kwa kiuno tu utaigonga kwa kisogo. Wanaoifanya vizuri, baada ya raundi tatu mapaja yanawaka moto. Wanaoikosea, mgongo ndio unaouma, na huo ni ushahidi tosha wa kosa. Ukimaliza raundi mapaja yakiwa hayana habari, ujue umedanganya mahali.

Soksi ya mchele ni kifaa cha bei rahisi kuliko vyote na kinasaidia sana. Jaza mchele kikombe kimoja kwenye soksi nene, funga fundo, itundike kwa uzi ili ikae usawa wa pua. Usitie mchanga, ukikosea utaumia meno. Isukume mbele, ikirudi ikwepe. Ikienda tena, rudi katikati. Ikirudi, kwepa upande wa pili. Uzi wa mita moja unaenda na kurudi kwa sekunde mbili, wa mita moja na nusu kwa karibu sekunde mbili na nusu, kwa hiyo anza na uzi mrefu na uupunguze kadiri unavyozoea. Kifuko cha namna hii kilikuwa sehemu ya mafunzo ya kocha Cus D'Amato kule Catskill, jimbo la New York, alikomfundisha Mike Tyson, na kwa Tyson kazi yake inaeleweka: mtu wa sentimita 178 kati ya mabondia wa uzito wa juu hana njia ya kumfikia mrefu ila apite pembeni ya jebu yake. Mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 20, alikuwa bingwa wa dunia.

Ila soksi ina hila yake. Inarudi kwa mwendo ule ule kila mara, na mwili unauzoea mwendo badala ya kuisoma ngumi. Raundi mbili zinatosha. Anayeishindia soksi nusu saa kila siku anajifunza kukwepa soksi.

Mwenzako ndiye mwalimu wa kweli, na hapa ndipo kumbi nyingi zinapopoteza wanafunzi. Zoezi linaonekana dogo: mmoja anarusha jebu, mwingine anakwepa. Lakini yule anayerusha, kwa huruma au kwa uvivu, anarusha pembeni ya kichwa, au anaishia hewani, au anafuata kichwa kinakokwenda. Akirusha pembeni, anayekwepa anajifunza kwamba hata asipohama haguswi. Akiishia hewani, anajifunza umbali wa uongo. Mwambie arushe polepole kadiri anavyotaka, lakini alenge paji la uso na afike. Usipohama, uguswe. Polepole na sahihi, hiyo ndiyo sheria, na kocha asimame pembeni kumtazama anayerusha zaidi ya anayekwepa.

Mpangilio unaoleta matunda ni huu. Kwanza mikono ya anayekwepa iwekwe kifuani, imekunjwa, ili asiweze kukinga. Mwenzake arushe jebu peke yake kwa mwendo wa kutembea, yeye aende kulia tu. Wiki ya kwanza isipite hapo. Kisha mikono irudi mashavuni, jebu iongezwe kasi kidogo. Kisha moja-mbili: kulia, kushoto, rudi katikati. Hapa utaona kosa la kawaida, mwanafunzi anakwenda kulia mbali mno, na ile ya pili inamkuta bado njiani. Dawa yake si kumwambia awe mwepesi, ni kupunguza ile ya kwanza. Kisha mwenzake achanganye, jebu moja, jebu mbili, moja-mbili, bila kutangaza. Mwisho, raundi ya dakika mbili ambapo mmoja anaruhusiwa jebu tu na mwingine anaruhusiwa kukwepa tu, wakizunguka ulingoni. Wenye uzoefu wenyewe hulirudia zoezi hilo la mwisho kabla ya pambano.

Macho kufumba ni maumbile, wala si woga, na hakuondoki kwa kukemewa. Kuna zoezi dogo lake. Mwanafunzi anasimama na ulinzi wake, kinga ya meno mdomoni, na mwenzake anamgusa paji la uso na glavu zake kwa wepesi, gusa, gusa, dakika nzima, naye kazi yake ni kutazama kifua cha mwenzake bila kupepesa kila aguswapo. Baada ya siku kadhaa mwili unatambua kwamba glavu mbele ya uso si msiba. Kupumua nako kunasahaulika: wengi hubana pumzi wanapokwepa, na raundi ya pili wamekwisha. Toa pumzi fupi puani kila unapohama. Mdomo ufungwe, meno yaume kinga, kwa sababu taya lililolegea likigongwa linaumia vibaya hata kwa ngumi isiyo nzito.

Makosa mengine yanajulikana kwa adhabu zake. Anayeinama kwa kiuno, uso ukatazama sakafu, anapigwa apakati, ngumi inayopanda kutoka chini, na haioni ikija. Anayerudi nyuma kwa mgongo anakwepa jebu, kisha ngumi ya kulia inamkuta kidevu kikiwa juu na uzito uko visiginoni, hana uwezo wa kujibu wala wa kukimbia. Muhammad Ali alirudisha kichwa nyuma maisha yake yote, watanijibu vijana. Ali alikuwa na miguu na kimo cha kumrudishia nafasi kila alipoipoteza. Wewe jifunze kwanza njia ambayo haikuhitaji uwe Ali. Hali ni hiyo hiyo kwa Nicolino Locche wa Argentina, aliyekuwa akishusha mikono na kuwaacha watu wapige hewa. Mwaka 1968 mjini Tokyo alimchosha bingwa wa dunia Paul Fuji hadi akakataa kutoka kwenye kona yake kwa raundi ya kumi. Uzuri ule ulijengwa juu ya mapambano mengi mno, na kuuiga katika mwaka wa kwanza ni kujitafutia pua iliyovunjika.

Anayekwepa upande mmoja tu anasomwa. Wengi wana upande wanaoupenda, kwa kawaida ule wa mguu wenye nguvu, na mpinzani akiushika anarusha jebu ya uongo kisha anapeleka ngumi pale unapokwenda. Jebu za uongo ndizo mtihani wa ukubwa wa mwendo wako. Ukiwa umehama sentimita 15 kwa kudanganywa, bado una miguu yote miwili na glavu ziko mashavuni. Ukiwa umehama 40, umeshikwa. Ndiyo sababu tunasisitiza udogo wa mwendo kuliko kasi. Na usikwepe kila kitu. Ngumi nyingine zikinge kwa glavu, nyingine zipanguse kwa kiganja, nyingine ziondokee kwa hatua ya nyuma. Kichwa kinachohama kwa kila kitu nacho kinasomwa.

Kukwepa bila kujibu ni kuahirisha. Mpinzani akishaona hakuna kinachorudi, atarusha tatu, nne, tano, na hakuna mtu anayekwepa tano. Uzuri ni kwamba mwendo wenyewe umeshakuandalia jibu, kama ulitumia magoti. Umekwenda kulia: uzito uko mguu wa kulia, bega la kulia limerudi nyuma, mkono wa kulia umejaa. Upeleke mwilini, chini ya kiwiko cha mkono wake ulionyooka, au juu ya mkono huo hadi shavuni. Umekwenda kushoto dhidi ya ngumi yake ya kulia: mkono wa kushoto ndio uliojaa, na mbavu zake za kulia ziko wazi kwa sababu mkono unaozilinda uko hewani. Ngumi ya ini inatoka hapo, kwa kuwa ini liko upande huo. Mkono unaojaa ni ule wa upande uliouendea, na anayejaribu kujibu kwa mwingine anapiga bila uzito, isipokuwa ni jebu.

Maana jebu ina nafasi yake ya pekee. Unapokwenda kulia, bega la kushoto linaingia mbele lenyewe. Nyoosha mkono wakati huo huo, na jebu yako inafika yake ikipita sikioni. Ni kitendo kimoja, si viwili. Kwenye pedi za kupigia anazovaa mikononi, kocha anapaswa kulisikia: pedi inalia wakati mkono wake mwingine uko bado angani juu ya bega la mwanafunzi. Ikilia baada ya mkono kurudi, ni kukwepa kisha kupiga, nako ni kuzuri, ila ni jambo lingine. Kwenye ngumi za ridhaa, zenye raundi tatu za dakika tatu, jibu la namna hii linaonekana wazi kwa majaji: yule amekosa, huyu amepata. Ufundi huu una watu wake hata kwetu. Philip Waruinge wa Kenya alirudi na shaba kutoka Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, lakini kombe la Val Barker, wanalompa bondia mwenye ufundi bora wa mashindano yote, lilikuwa lake.

Ukikutana na mashoto, ramani inageuka. Jebu yake inatoka mkono wa kulia, upande wako wa kushoto, kwa hiyo nje ya jebu ni kushoto kwako, na nje ya ngumi yake nzito ni kulia. Wengi wanakwepa jebu ya mashoto kwa mazoea, kulia, na wanakwenda moja kwa moja kwenye mkono wake wa kushoto. Mguu wako wa mbele uwe nje ya wake, na jihadharini na vichwa, kwa sababu miguu ya mbele ikikutana vichwa navyo hugongana, na nyusi zinachanika. Kama ukumbini kuna mashoto hata mmoja, kila mtu afanye naye raundi moja kwa wiki. Usisubiri kukutana naye siku ya pambano.

Sparingi, yaani pambano la mazoezi, isiharakishwe. Glavu za aunsi 16 kwa watu wazima, kinga ya meno, kofia ya kinga, na makubaliano ya nguvu kabla ya kengele. Kofia inapunguza michubuko na mipasuko. Haizuii ubongo kutikisika, na inaongeza ukubwa wa kichwa, kwa hiyo aliyeivaa akumbuke kuongeza kipimo chake kidogo. Mtu akipigwa akaona giza, akaumwa kichwa, akatapika, akasahau yuko raundi ya ngapi, mazoezi yake yameisha siku hiyo, na aende kwa daktari. Kanuni za ngumi za ridhaa humpumzisha aliyeangushwa kwa ngumi za kichwa na pambano likaishia hapo si chini ya siku 30, na ukumbini tufuate hivyo hivyo hata kama hapakuwa na refa. Nasema hili kwa sababu tunafundisha kukwepa ili watu wazeeke wakiwa na akili zao, na kocha anayemrudisha kijana ulingoni kesho yake anaivunja kazi yote hiyo.

Kwa ratiba, raundi nne kila siku ya mazoezi zinatosha: moja kioo, moja kamba, mbili na mwenza, kabla ya begi na miguu ikiwa bado mibichi. Aliyechoka anakwepa kwa kiuno, na kosa linalorudiwa ukiwa umechoka linaganda. Ongeza kukaa na kuinuka, seti tatu za 20, na kamba ya kuruka raundi tatu, maana magoti yasiyo na nguvu yatanyooka yenyewe katika raundi ya mwisho. Kabla ya kumruhusu mwanafunzi aingie sparingi ya wazi, namtaka amalize raundi tatu mfululizo za jebu na ngumi ya kulia bila kutangaziwa, miguu isivukane, macho yasianguke, na katika raundi ya tatu glavu zake ziwe bado mashavuni. Akiishusha glavu hata mara moja kwenye ile ya tatu, anarudi kwenye kamba wiki nyingine.